Kwa Miguu Katika Ufuo wa Watamu

Mtu aliyekulia kando ya ziwa hudhani kwamba anayajua maji. Huyakuta asubuhi mahali pale pale alipoyaacha jioni. Mvua zikizidi mwaka huo, maji husogea hatua chache kuelekea nyumba za watu. Ukame ukija, hurudi nyuma hatua chache. Lakini hufanya hivyo polepole, kwa muda wa miezi, wala hayamshtui mtu. Ndiyo sababu watu wa bara wanaofika pwani kwa mara ya kwanza hushangaa wakiambiwa kwamba bahari ina saa zake za kuondoka na saa zake za kurudi, na kwamba asiyezijua saa hizo huenda akapoteza maisha.

Mmoja wa watu hao alikuwa sajini mstaafu wa polisi kutoka Uganda. Kwa muda wa miaka 28 alitumika katika kikosi cha majini kwenye Ziwa Victoria. Aliendesha doria kwa mashua, aliwaokoa waliopinduliwa na dhoruba, na alikamata nyavu haramu zenye matundu madogo. Alipostaafu alijiwekea nadhiri moja tu, nayo ni kuiona bahari. Alijua kwamba maji aliyoyalinda hayafiki Bahari ya Hindi, kwa kuwa hutoka Jinja kwa Mto Naili na kuelekea kaskazini mpaka Bahari ya Mediterania. Hata hivyo, bahari iliyo karibu na kwao ni ile ya Kenya. Mkewe alikuwa na shamba la kutunza na wajukuu wa kupeleka shule. Kwa hiyo Sajini alifunga safari peke yake mwezi wa Septemba, akiwa na mkoba mmoja, ndala miguuni, na kitambulisho cha taifa mfukoni.

Mahali alipopachagua ni Watamu, mji mdogo wa wavuvi na wageni ulioko katika Kaunti ya Kilifi, kusini ya Malindi.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Kampala msafiri hupanda basi hadi Nairobi kwa kupitia Busia au Malaba. Kati ya Nairobi na Mombasa yako mabasi mengi, na tangu mwaka 2017 liko gari moshi la reli mpya ambalo humaliza safari hiyo kwa saa tano au sita. Kutoka Mombasa, matatu za Malindi hushika njia ya kaskazini, hupita Mtwapa, huvuka daraja la Kilifi, na baada ya hapo barabara huambaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huo wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420 ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake wamo tembo, na yumo pia mnyama mdogo aitwaye sange, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo na manyoya ya rangi ya dhahabu sehemu ya nyuma. Mnyama huyo haonekani mahali pengine duniani ila katika msitu huo na vichaka vichache vya jirani.

Sajini alishuka Gede. Hapo pana magofu ya mji wa mawe wa Waswahili, uliostawi kwa karne kadhaa na kuhamwa na watu wake katika karne ya 17. Misikiti, kasri, visima na makaburi yamesimama katikati ya miti mikubwa. Mwezi wa Julai mwaka 2024, UNESCO iliandikisha mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Watu walipoondoka, kima waliingia, na hata leo wao ndio wenye nyumba. Sajini aliketi chini ya mbuyu ili ale ndizi zake mbili. Kabla hajamaliza kuimenya ya kwanza, kima mmoja alishuka ukutani, akamtazama usoni kama mtu anayemdai, akaichukua ndizi ya pili mkononi mwake, akarudi ukutani kwa mwendo wa polepole. Katika miaka 28 ya kazi hakuna mhalifu aliyepata kumnyang'anya kitu mkononi. Mlinda lango alicheka hata akashika mbavu.

Kutoka Gede hadi Watamu ni safari fupi ya tuktuk.

MAJI YANAPOONDOKA

Wenyeji husema kwamba jina la Watamu limetokana na utamu wa watu wake. Kijiji cha kale cha wavuvi kingali pale, na nyumba zake zimekaribiana kama watu wanaonong'onezana. Kando yake yamejengwa mahoteli, kwani Waitaliano wengi wameupenda mji huu kwa miaka mingi. Haikumchukua Sajini muda mrefu kusikia watoto wa kijiji wakiwasalimu wageni weupe kwa Kiitaliano bila ya kusita.

Upande wa kusini wa kijiji ufuo umekatika vipande vipande kwa rasi za mawe. Kuna ghuba moja, kisha nyingine, kisha ghuba pana yenye visiwa vidogo vya matumbawe ya kale. Mawimbi yamevila visiwa hivyo kwa chini hata vikawa kama uyoga. Zaidi ya hapo ufuo huendelea, mchanga mweupe na mivinje, mpaka kwenye mlango wa hori kubwa iitwayo Mida. Sehemu kubwa ya maji hayo ni Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Hizo zilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua, wala kuokota kombe au kipande cha tumbawe.

Sajini aliondoka asubuhi, saa mbili. Ulikuwa wakati wa mwezi mwandamo, na watu wa pwani wanajua maana yake. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa mno na hupwa mno. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufikia karibu mita nne, yaani zaidi ya urefu wa watu wawili waliopandana. Siku za bamvua katika pwani hiyo, maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kabla ya adhuhuri. Siku za katikati, ambazo huitwa za maji mafu, bahari haisogei sana.

Sajini hakuyajua hayo. Aliona tu kwamba bahari imekwenda zake na kuacha uwanja mpana uliojaa vidimbwi. Akashuka kutazama.

Katika kidimbwi cha kwanza aliwaona viti vya pweza, wekundu na wenye vidole vitano, wakiwa wamelala mchangani. Katika cha pili walikuwamo jongoo-pwani weusi, na wadudu wa bahari wenye miiba mirefu ambayo ikimchoma mtu hukatikia ndani ya nyama. Hapo aliona kwamba ndala zake si viatu vya kutembelea mahali kama pale. Chini ya jiwe, mkunga alitoa kichwa chake chenye meno, akafumbua na kufumba kinywa kama mzee anayetafuta neno, akarudi ndani. Mbele kidogo, kitu alichodhani ni jiwe kilibadilika rangi mbele ya macho yake, kutoka kahawia hadi kijivu, kikajikusanya na kumiminika katika ufa usiotosha hata ngumi ya mtoto. Alikuwa pweza. Sajini alichuchumaa akingoja atoke tena, kwa subira ile ile aliyozoea kuitumia kuvizia mashua za magendo.

Aliponyanyua kichwa, saa ilikuwa imekwisha pita tano. Alikuwa karibu na kisiwa kimoja, na mchanga aliopitia ulikuwa haupo tena. Maji hayakuwa yamekuja kwa kishindo. Yalikuwa yamemzunguka kwa nyuma, kimya, kwa njia za chini, kama askari wanaojua kazi yao.

"Mzee! Mzee, rudi! Maji yamegeuka!"

Kijana mmoja mwenye kuwatembeza wageni kwa mashua alikuwa amesimama ufuoni akipunga mikono. Alimwonyesha kwa kidole ni wapi pa kupita. Sajini aliuinua mkoba wake juu ya kichwa akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani, na mkondo ulimvuta kwa nguvu ambazo ziwa halikupata kumwonyesha hata siku ya dhoruba. Ndala moja ilimtoka ikaenda. Alipopanda mchangani alikuwa akihema.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana. "Wewe si mtu wa huku."

"Marahaba, mwanangu. Natoka Uganda. Nilikuwa polisi wa majini."

Kijana alimtazama kwa adabu, lakini kicheko kilikuwa kimemjaa. "Majini ya kupungwa, mzee, au maji ya kuogelea?"

"Maji ya ziwa."

"Aa. Ziwa halina bamvua. Kesho, kabla ya kutoka, muulize mtu yeyote hapa saa za maji. Hata mtoto atakwambia."

MVUVI NA KASA

Alasiri, akiwa amenunua viatu vya mpira dukani, Sajini aliendelea na safari yake kuelekea kusini, safari hii akitembea juu kabisa, chini ya mivinje. Kaa wa mchangani walikimbia mbele yake kwa ubavu na kuzama mashimoni. Mbali, nje ya mwamba ambao mawimbi huvunjikia, aliona moshi mweupe ukipanda na kupotea, kisha mgongo mweusi. Alikuwa nyangumi. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita katika pwani hiyo, wakiwa wametoka katika bahari za baridi za kusini ya dunia ili kuja kuzaa katika maji ya uvuguvugu.

Karibu na mlango wa hori la Mida alimkuta mvuvi wa makamo yake ameketi kando ya mashua. Mbele yake, juu ya gunia lililoloweshwa maji, alikuwako kasa mwenye ukubwa wa ungo. Kamba ya jarife ilikuwa bado imemzunguka bawa moja la kuogelea. Kasa alivuta pumzi kwa nguvu, akatoa sauti kama ya mtu aliyechoka, akanyamaza.

Kasa huishi baharini lakini hupumua hewa kama mtu. Akinaswa wavuni chini ya maji asiweze kupanda juu, hufa maji. Huyu alikuwa amewahiwa.

"Salaam aleikum," alisema Sajini.

"Aleikum salaam. Karibu, ndugu yangu. Tunangoja gari."

Mvuvi alikuwa amepiga simu. Watamu kuna shirika liitwalo Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Mvuvi anayemnasa kasa kwa bahati mbaya hulipigia simu. Watumishi wake huja, humpima kasa, humtazama kama ana jeraha, humwekea kibati chenye namba kwenye bawa kama hana, na humrudisha katika maji ya hifadhi. Aliye mgonjwa hupelekwa kutibiwa. Mvuvi hupewa fedha kidogo za kufidia muda wake na simu yake. Fedha hizo haziwi bei ya kasa, kwa sababu kasa hauzwi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 humlinda, na mwenye kumwua hustahili adhabu kali.

Sajini aliketi. Ilikuwa vigumu kwake kuzuia swali la kipolisi.

"Nyama yake ina bei?"

"Ina bei. Na mafuta yake pia, watu huyafanya dawa. Baba yangu alikuwa akiwala. Nami nimewala. Nyama nzuri, sikudanganyi."

"Basi mbona umepiga simu?"

Mvuvi aliichukua kamba iliyokatwa akaanza kuifundua mafundo. "Zamani walikuwa wakija kututafuta. Tukiona gari, tunazika gamba mchangani. Wao walikuwa na haki, na sisi tulikuwa na njaa. Halafu wakaja wengine wakakaa chini, pale penye mvinje, wakauliza: kasa akikunasia wavuni, wewe unapoteza nini? Swali hilo sikuwa nimeulizwa na mtu."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia: napoteza asubuhi nzima, na wavu wangu unakatika. Wakasema, basi tuanze na hapo."

"Na wavuvi wote hupiga simu?"

"Si wote. Mimi siwezi kukuapia kwa ajili ya watu. Mimi napiga."

Gari lilifika. Wale vijana walifanya kazi yao kwa haraka na upole. Ilionekana kwamba kasa yule alikuwa na kibati tayari: alikuwa amepata kunaswa na kuachiwa siku za nyuma, na namba yake iliandikwa tena kitabuni. Walimchukua mpaka ukingo wa maji ya hifadhi, na Sajini akaruhusiwa kushika upande mmoja. Kasa alipogusa maji alikaa kimya kitambo, kama asiyeamini. Kisha akapiga bawa mara moja, akawa kivuli, akawa hayupo.

Mvuvi aliikunja nyavu yake. Sajini aliomba apewe kile kipande cha kamba kilichokatwa, akapewa.

Njiani alimkumbuka mtu mmoja wa ziwani. Ilikuwa miaka mingi iliyopita. Walikuwa wamekamata nyavu haramu katika mwalo mmoja, wakazirundika na kuzitia moto kama ilivyoamriwa. Wavuvi wengine walikimbia, lakini mmoja aliketi juu ya jiwe akautazama wavu wake mpaka ukawa jivu. Hakulia wala hakutukana. Alipoona umekwisha, aliinuka akaenda zake. Sajini hakuona kosa katika sheria ile wakati huo, wala hakuliona sasa. Wavu wa matundu madogo humchukua sangara na ngege kabla hajazaa hata mara moja, na ziwa lisilo na samaki wachanga ni ghala lisilo na mbegu. Lakini alitambua kwamba kwa miaka yote 28, katika mialo yote aliyofika, hakumwuliza mtu hata mmoja anapoteza nini.

LINDO LA USIKU

Usiku ule alialikwa kuona viota. Kasa jike hurudi kutaga katika pwani ile ile aliyozaliwa, na huenda ikawa imepita zaidi ya miaka 25 tangu aliipoacha. Hupanda ufuo usiku, huchimba shimo kwa mabawa ya nyuma, hutaga mayai mia moja hivi au zaidi, huyafukia, na kurudi baharini. Hatayaona tena. Jua na mchanga ndio walezi. Baada ya siku zipatazo 60 watoto hutoka, na joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto zaidi huzaa majike, na ulio baridi zaidi huzaa madume.

Watu wa Watamu hufanya doria ufuoni usiku kuwatafuta kasa wanaotaga. Kiota kikiwa mahali ambapo bamvua litakifikia, huhamishwa kwa uangalifu mpaka juu. Kisha hulindwa dhidi ya wezi wa mayai. Kijana aliyekuwa zamu alimweleza Sajini masharti: hapana tochi, hapana sigara, hapana kupiga picha kwa mwanga. Watoto wa kasa hufuata mahali penye weupe zaidi, na usiku ulio wa asili mahali hapo ni baharini. Taa moja ya nyumba nyuma yao hutosha kuwapoteza hata wakaelekea barabarani.

Sajini aliketi katika giza. Hakuna kazi aliyoijua zaidi kuliko kukaa macho gizani kwa ajili ya kitu kinachoweza kutokea au kisitokee.

Saa mbili na nusu mchanga ulianza kutetemeka. Ulibonyea kidogo katikati, kama unga unaochujwa. Kichwa kimoja kilitoka, cheusi, kisichozidi ncha ya kidole gumba. Kikatulia. Kisha kwa ghafula mchanga wote ukachemka, na wakatoka makumi kwa makumi, wakipandiana, wakielekea baharini bila ya kuuliza njia.

Maji yalikuwa yameanza kupwa, na safari ilikuwa ndefu. Mmoja alianguka katika alama ya kiatu akawa anahangaika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Sajini alinyoosha mkono.

"Usimguse, mzee," alinong'ona kijana. "Mwache atembee. Wataalamu wanaamini kwamba safari hii ndiyo inayomfundisha ufuo wake. Ukimbeba, huenda asijue pa kurudi."

Sajini aliurudisha mkono wake. Mtoto yule alijaribu mara ya tatu, ya nne, ya tano, akatoka. Mwingine, karibu na maji, alikamatwa na kaa na kuvutwa shimoni kabla mtu hajasema neno. Kijana hakusogea. "Kaa naye ni mwenyeji," alisema. Hukisiwa kwamba kati ya watoto elfu moja, pengine mmoja tu hufikia umri wa kuzaa.

Wa mwisho alipochukuliwa na wimbi, Sajini aliona kwamba alikuwa ameketi muda wote mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo, kama kuruta aliyeamriwa kusimama wima.

WAGENI KUTOKA MBALI

Siku ya tatu alikwenda hori la Mida. Safari hii alikuwa ameuliza saa za maji. Aliambiwa afike saa nane mchana, maji yanapopanda, kwani ndipo ndege husogezwa karibu na watu.

Hori limezungukwa na mikoko ya namna nyingi, ile yenye mizizi kama miguu ya buibui na ile yenye mizizi inayochomoza matopeni kama penseli. Wenyeji wamejenga daraja jembamba la mbao na kamba linalopita kati ya miti hiyo mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Viingilio vinavyolipwa hapo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zinazouzunguka msitu na hori, ili mzazi asilazimike kukata mti au kutega mnyama ili mtoto asome.

Chini ya daraja, kaa wadogo wenye gando moja kubwa walipunga magando yao juu na chini, kana kwamba wote wanamwita mtu mmoja. Mbele, ukingoni mwa maji, lilisimama kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene. Hao ni ndege wala kaa. Huzaa katika fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na tofauti na ndege wengine wa jamii yao wa ufuoni, huchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani. Baada ya kulea huja kusini, wakifuata njia ile ile iliyofuatwa na majahazi kwa karne nyingi. Pamoja nao walikuwapo ndege wadogo wa kijivu waliotoka mbali zaidi, katika nchi za baridi za kaskazini, wakichokoa matope kwa haraka.

Mmoja wa wala kaa alimkamata kaa, akampigapiga mpaka magando yakatoka, akammeza. Mtoto wake, aliyekwisha kuwa mkubwa kama yeye, alikuwa bado akimfuata nyuma akilia apewe. Sajini aliwakumbuka wanawe akatabasamu.

KWA MWENYE KUTAKA KUFUATA NYAYO

Msafiri anayetaka kutembea pwani hiyo akumbuke mambo machache. Kwanza, aulize saa za maji kila siku, kwa kuwa hubadilika kila siku, na arudi ufuoni kabla maji hayajageuka. Pili, avae viatu vinavyofunga mguu. Tatu, asiokote kombe wala asinunue kitu kilichotengenezwa kwa gamba la ng'amba, kwani ni kosa. Nne, asiache takataka yoyote. Kasa hula konyeza, na mfuko wa plastiki unaoelea, ule uitwao kaveera Uganda, hufanana na konyeza kama pacha. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na tangu Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi na fukwe zilizolindwa. Tano, akiwa peke yake, amwambie mtu anakokwenda. Kijana wa mashua aliyemwita Sajini siku ya kwanza hakulipwa na mtu kwa kazi hiyo.

KURUDI NYUMBANI

Sajini alirejea kwake kando ya ziwa akiwa na konzi ya tende kwa mkewe, viatu vya mpira, na kile kipande cha kamba. Alikitundika kwenye msumari karibu na mlango. Wajukuu walipouliza ni cha nini, aliwahadithia habari za kasa, za kima mwizi wa ndizi, na za bahari inayomzunguka mtu kwa nyuma.

Tangu hapo, asubuhi asiyokuwa na kazi shambani, huteremka mpaka mwaloni. Siku ya kwanza wavuvi walipomwona walinyamaza, kwa kuwa walimjua alivyokuwa. Aliwasalimu, akakaa juu ya jiwe, hakuuliza kitu. Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tatu mzee mmoja alimsogezea kigoda.

Hapo ndipo Sajini alipouliza.